Usukani Uliohamia Upande wa Kongo

BWERA, Uganda, Agosti 1969. Ni saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi. Nyuma ya jiko la Mama Kahambu injini inaning'inia hewani, na hakuna anayethubutu kukohoa.

Imefungwa kwa mnyororo chini ya magogo matatu ya mkaratusi yaliyounganishwa kileleni. Chini yake inangoja pikapu ya kijivu, boneti imeng'olewa na kuegemezwa kwenye migomba. Fundi Philippe Paluku, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, amepiga magoti juu ya bampa. Kiganja chake kimetulia ubavuni mwa injini, kama mtu anayemtuliza ng'ombe asirushe teke.

"Polepole, Papa Enoka," anasema. "Shusha kama unashusha mutoto."

"Nimeshusha vyuma mgodini miaka kumi na moja," anajibu Enoka bila kuondoa macho kwenye mnyororo. "Hii ni mtoto kweli."

Mnyororo ni wa Enoka, mstaafu wa mgodi wa shaba anayeishi Kasese. Kila Philippe anapokuwa na injini ya kunyanyua, Enoka hupanda basi hadi Bwera akiwa ameupakata ndani ya gunia, mzito kama mbuzi. Hatozi hata senti. Sharti lake ni moja, kwamba auvute yeye mwenyewe.

Pikapu hiyo ni ya zahanati ndogo ya parokia iliyoko juu mlimani. Mwezi wa Februari injini yake ya Kiingereza ilipasuka kwenye mpando, na tangu siku hiyo akina mama wenye uchungu wa uzazi wanashushwa kwa kipoi, yaani machela ya mianzi inayobebwa na wanaume wanne mabegani. Safari ya gari ya nusu saa imekuwa mwendo wa saa nne kwa miguu, na mvua ikinyesha, saa sita.

"Wale wanaume hawajawahi kukataa," anasema Alisi, mkunga wa zahanati, ambaye watu wote humwita Musawo, yaani daktari. "Hata usiku wa baridi wanakuja. Lakini mimi ninatembea pembeni nimemshika mama mkono, na ninajua barabara ni ndefu kuliko nguvu yake."

Baraza la parokia limevumilia miezi sita. Sasa limeamua kwamba Jumatatu pikapu iuzwe kama chuma chakavu kwa shilingi mia nne. Injini mpya kutoka Kampala ingegharimu zaidi ya shilingi elfu mbili, fedha ambazo parokia haijapata kuziona mahali pamoja. Philippe, ambaye mwezi mzuri humwingizia shilingi tisini, aliomba apewe nafasi ya mwisho. Injini atatoa yeye.

Injini yenyewe inatoka kwenye gari dogo la Kifaransa lililopinduka karibu na mpaka mwaka 1967. Mwenye gari, mfanyabiashara wa Beni, Kongo, alivunjika mguu, na Philippe akamsukuma kwa baiskeli hadi hospitali. Mtu yule alipopona alimwachia mabaki ya gari kwa shukrani. Tangu hapo mabaki hayo yamekaa kando ya uzio, na kuku wa Kahambu, mke wa fundi, wamehamia ndani. Majike hutaga kwenye viti vya nyuma. Jogoo hulala juu ya usukani, na ndipo anapowikia kila alfajiri.

Gereji ya Philippe haina paa wala kibao. Ni ua wa nyumba yake. Spana zake kumi na nne hulala chini ya kitanda, na kabureta huchemshwa jikoni, kwenye sufuria ambayo Kahambu ameipaka alama nyekundu.

"Mara moja alichukua sufuria yangu ya bundu," anasimulia mama huyo, akimaanisha ugali wa muhogo. "Tulikula chakula na harufu ya petroli siku mbili. Nikamwambia, Papa, chagua. Kabureta ao bibi."

"Nikanunua sufuria," anasema Philippe.

Spana hizo zina historia yake. Philippe alijifunza kazi Butembo, upande wa Kongo, katika gereji ya shamba la kahawa, kuanzia akiwa na miaka kumi na tisa. Vita vilipofika mwaka 1964, yeye na mkewe waliondoka na walichoweza kubeba. Njiani askari walikuwa wakinyang'anya kila kitu cha chuma. Kahambu akazifunga spana kwa shuka, akazibeba mgongoni kama mtoto mchanga, akafunika na kanga.

"Kwenye kizuizi, askari mumoja akaniuliza, Mama, mutoto analala?" anakumbuka. "Nikasema, analala, afande, amechoka sana. Akanipisha. Akasema hata pole. Mutoto wa kilo kumi na mbili, hajalia hata kidogo."

Walipovuka mto Lubiriha wa mpakani hawakuwa na ndugu upande huu, lakini lugha ya mlimani ni ile ile pande zote mbili. Mzee Semu, ambaye leo ni mwenyekiti wa baraza la parokia, aliwakuta wamelala kwenye kibaraza cha duka, akawapa pembe ya shamba lake. Hakuwauliza watakaa muda gani. Ni miaka mitano sasa.

Ni Semu huyo huyo ambaye asubuhi hii amesimama kando ya pikapu, mikono nyuma, uso wa mtu anayetaka kuamini lakini ana karatasi ya baraza mfukoni.

Philippe hana kitabu cha gari lolote. Kitabu chake ni kamba. Kwa kila gari analoligusa husokota kamba ya migomba na kuifunga mafundo: fundo moja kwa upana, mawili mahali pa boliti, matatu mahali giaboksi inapoishia. Kitambaa chekundu huonyesha upande wa usukani. Kamba hizo huning'inia ukutani mwa chumba cha kulala, zaidi ya arobaini, na Kahambu anasema amezoea kulala chini yake kama watu wengine wanavyozoea chandarua.

Kwa wiki tatu amepima injini ya Kifaransa na tumbo la pikapu ya Kiingereza. Amechonga vikalio vipya vya chuma, amekata gasketi kwa karatasi ngumu ya boksi. Kila fundo limekutana na mwenzake.

Injini inashuka. Boliti ya kwanza inaingia, kisha ya pili. Enoka anaachia mnyororo kwa upana wa vidole viwili zaidi.

Tang.

Ekzosi ya injini imegonga chuma kinachoshuka kutoka kwenye usukani. Haikukwaruza tu, imekaa juu yake kabisa. Vitu viwili vinataka kukaa mahali pamoja.

Philippe anaitazama injini. Anaitoa kamba ya pikapu shingoni mwake na kuitazama pia. Kitambaa chekundu kimefungwa mwisho wa kushoto.

"Ni mimi," anasema taratibu. "Mikono yangu ingali Butembo."

Ndilo kosa ambalo fundi wa mpakani tu angelifanya. Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara na usukani huwa kushoto. Uganda ni kinyume chake. Philippe anajua hivyo, ametengeneza magari ya Uganda miaka mitano. Lakini alipofunga kitambaa kile, injini iliyotoka Kongo ikiwa mbele yake, vidole vilikwenda upande vilikofundishwa ujanani.

"Huwezi kuigeuza hii injini?" anauliza Mzee Semu. "Ekzosi iende upande ile nyingine?"

"Nikiigeuza, Mzee, itakupeleka kanisani kinyumenyume."

Semu anajitahidi asicheke. Kisha anakumbuka karatasi. "Philippe, mununuzi anakuja Jumatatu. Mimi siwezi tena kuomba baraza."

"Ninajua, Mzee. Umeomba ya kutosha."

Anaketi juu ya tairi. Kahambu anakwenda jikoni. Anamletea chai, anamletea na Enoka, na kwenye kikombe cha Semu anaongeza sukari kwa sababu anajua anavyoipenda. Alisi ndiye anayesogea, akaichukua kamba kutoka magotini mwa fundi. Anafungua kitambaa chekundu na kukifunga mwisho wa kulia.

"Sasa kamba imesema ukweli," anamwambia. "Mimi pia, mwaka wangu wa kwanza, nilimwambia mama mmoja ni mapacha. Alizaa mtoto mmoja mnene. Alinisamehe, akampa jina langu."

Philippe anacheka, kisha kicheko kinakatika. Anatazama kitambaa kilichohamia kulia. Anatazama gari la kuku.

"Musawo," anasema, "unaweza kuendesha ukikaa kushoto?"

Kama injini haiwezi kuhama, usukani utahama. Gari la Kifaransa lina usukani wa kushoto, pamoja na kisanduku chake na pedali zake, mzima kabisa ila kwa kinyesi cha jogoo.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, ilikuwa ya Kahambu. Kuku mmoja alikuwa ameatamia mayai tisa sakafuni, juu ya pedali. Kahambu alimwinua pamoja na majani yake, akimsemesha taratibu, akamweka kiti cha abiria. Philippe alijipenyeza chini akafungua boliti huku kuku akimkodolea macho. Alifanya kazi yote hiyo bila kupiga nyundo hata mara moja, asije akamshtua.

Ijumaa ilikwenda kwa kukata tundu jipya kwenye bati kwa patasi. Jumamosi yote ililiwa na breki, kwa kuwa bomba lake halikufika upande wa pili na ilibidi liungwe. Enoka alikuwa arudi Kasese Alhamisi jioni. Alibaki, akalala kwenye mkeka sebuleni, akasema basi la Kasese halijawahi kukosa siku.

Jumapili baada ya misa Philippe alikunja mikono akaketi. Siku ya Bwana hafanyi kazi. Zilikuwa zimebaki boliti sita, kisanduku cha usukani na nyaya zote.

Mzee Semu alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, bado na koti lake jeusi.

"Ng'ombe ikianguka kisimani siku ya Sabato, Bwana wetu alisema nini?"

"Alisema itolewe, Mzee."

"Na hii pikapu imeanguka wapi?" Akavua koti, akalitundika juu ya mgomba kwa uangalifu, akainama. "Nionyeshe ya kushika."

Alishika spana namba kumi na saba hadi jioni, mara mbili akaishika kinyume, na Philippe mara mbili akaigeuza mkononi mwake.

Jumatatu saa nne asubuhi lori la chuma chakavu liliingia uani. Mnunuzi, Sulaiti, ni mtu mpole wa Kasese mwenye daftari na kalamu sikioni. Alikuta ua umejaa watu. Wabebaji wanne wa kipoi walikuwa wameshuka mlimani toka alfajiri kuja kuona.

"Mimi nilifikiri nakuja kununua chuma," alisema. "Kumbe kuna harusi."

Philippe alizungusha hendeli. Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikanyamaza. Alizungusha tena, ikanyamaza tena. Semu aliingiza mkono mfukoni ilipokuwa karatasi. Philippe alifungua kabureta, akapuliza, akatoa kitu kati ya vidole viwili, akakiinua juu watu wote wakione. Kilikuwa ni nyoya dogo jeupe la kuku.

Mara ya tatu injini iliwaka. Iliunguruma, ikayumba kidogo, kisha ikatulia na kuimba sauti moja kama cherehani. Mbebaji mmoja wa kipoi, mwanamume mrefu mwenye kovu begani, aliweka tu kiganja chake ubavuni mwa pikapu, kando ya injini, akakiacha pale, akisikiliza.

Alisi alifungua mlango wa kulia, akapanda, akanyoosha mikono mbele, akakuta hamna kitu. Hapo ndipo ua wote ulipoangua kicheko, naye akacheka zaidi ya wote, akazunguka gari akapanda upande wa Kongo.

"Basi nimekuja bure," alisema Sulaiti, akifunga daftari. Akaelekeza kalamu kwenye uzio. "Na ile nyingine? Nitatoa mia moja."

"Ile iko na watu," alijibu Kahambu. "Uliza wao kama watahama."

Sulaiti hakuondoka hivi hivi. Alimwonyesha Philippe lori lake, ambalo linakunywa mafuta kuliko linavyokwenda, wakapatana alilete mwezi ujao. Wakati wanazungumza, fundi alikuwa tayari ameanza kusokota kamba.

Wiki imepita sasa. Pikapu imeshuka mlimani mara tatu, na mara ya tatu ilirudi na mama, mtoto wa kike, na wabebaji wanne wameketi nyuma na mikono mitupu. Inapopita barabara ya chini, Philippe hainui kichwa. Anasikiliza.

"Gia ya tatu," anasema na kutabasamu. "Hajaisumbua. Musawo iko na mikono muzuri."

Amelipwa shilingi mia mbili, kiasi alichotaja mwenyewe. Amenunua mabati sita. Akipata mengine kumi na mawili, anatarajia kuezeka ua kabla ya mvua za mwakani, na kuhamishia kamba zake kwenye ukuta wa kweli.

"Ninataka kila gari ya mulima huu ikuwe na kamba yake hapa," anasema. "Mutu akija, hata kama mimi siko, fundi mwingine atasoma. Na kitambaa nitafunga mchana, nikiwa nimekunywa chai."

Lakini kwanza kuna kazi moja ndogo. Tangu usukani uondoke, jogoo hana pa kulala. Zaidi ya wiki amekuwa akizungukazunguka juu ya dashibodi kila magharibi, akitafuta mahali pake, na alfajiri hawiki vizuri. Kahambu ameshalalamika.

Philippe anachukua fimbo ya mkaratusi, anaikunja taratibu juu ya moto hadi inakuwa duara, anaifunga kwa waya. Kisha anaingia kwenye gari la kuku, anapima kwa kiganja, na kuipigilia mahali usukani ulipokuwa. Upande wa kushoto.