Lori Langu Lilivyokunywa Petroli

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika gereji ya Miembeni, mjini Bukoba, kabla lango halijafunguliwa, nikakaa juu ya pipa tupu nikiandika daftari langu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa kijijini Kashozi, nimetoka sekondari baada ya baba kufariki. Udereva nilifundishwa na bruda mmoja wa misheni. Ilikuwa bado zama za Mwingereza, na mtu mweusi aliyeshika usukani wa lori alitazamwa barabarani kama askofu.

Fundi Mkuu alikuja, kofia ya turubai kichwani, akasimama mbele yangu.

“Unaandika nini?”

“Mambo yangu tu, waitu,” nikajibu kwa neno letu la heshima.

“Basi andika na hili. Gari halinywi petroli kwa kiu yake. Hunywa kwa ujinga wa dereva. Umeandika, Nshomile?”

Tangu asubuhi ile nikaitwa Nshomile, maana yake “nimesoma”, jina tunalowapachika Wahaya wenye kujisifu kwa elimu. Mimi sikuwahi kujisifu. Nilikuwa na haya kiasi kwamba mezani niliona heri kula chakula bila chumvi kuliko kumwomba mtu anisogezee.

Kazi yetu ilikuwa kuchukua kahawa ghalani Muleba na kuileta Bukoba. Ninyi vijana mnaopita barabara ile leo hamwezi kuijua ilivyokuwa: vumbi, tope, na vilima vinavyofuatana kama migongo ya ng’ombe. Petroli ilikuja kwa meli, ndani ya mapipa, na meli ikichelewa mji mzima ulikwenda kwa miguu. Kwa hiyo Karani wa Petroli alitupimia kwa debe, na jioni alitumbukiza kijiti ndani ya tangi kuona tumerudi na kiasi gani. Kijiti kile kilikuwa na alama za kisu. Nilikiogopa kuliko fimbo ya mwalimu.

Mwanzoni mwa msimu wangu wa pili Meneja, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili cha kuamrisha, alituita uani. Lori jipya lilikuwa linakuja, la kijani, tani tano. “Dereva atakayetumia petroli kidogo mpaka mwisho wa msimu, hilo lake. Mimi sitazami sura. Mimi natazama kijiti.”

Nililitaka lori lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Na nilijua ni langu, kwa sababu mimi peke yangu niliweza kusoma kitabu cha gari. Kila alfajiri nilipima upepo wa matairi, maana tairi laini hubuluzwa kama mtu mlevi na injini ndiyo inayolipa. Nilisafisha chujio la hewa, ambalo kwa vumbi letu liliziba kwa siku mbili. Nilichomoa plagi nikasugua masizi. Nilirekebisha kabureta, kile kibakuli kinachochanganya petroli na hewa, mpaka moshi ukatoka bila weusi. Sikukanyaga mafuta kwa pupa. Turubai lisilohitajika nililiacha gereji, kwa kuwa uzito nao hunywa.

Na bado kila jioni kijiti kilimsifu Rwegasira.

Rwegasira alikuwa dereva mwenzangu, mkubwa wangu kwa miaka kumi hivi, mnene, mcheshi, Mlutheri mwenye sauti ya kwaya. Aliacha shule darasa la tatu. Lori lake lilikuwa ndugu wa langu, la mwaka mmoja, mzigo mmoja, barabara moja. Mimi nilirudi tangi linalia kama kibuyu kitupu, yeye anarudi na karibu nusu debe, huku anaimba. Daftari langu la siku zile naona aibu kulisoma, lakini nimeahidi kusema kweli: “Leo tena R. amenipita kwenye kijiti. Fundi Mkuu amempiga bega. Mimi hakuna aliyewahi kunipiga bega. Ningependa gari lake lizimike njiani Kemondo, mvua ikinyesha.” Kurasa na kurasa za namna hiyo. Niliuonea wivu hata mluzi wake.

Nilidhani anatia frii, yaani anatoa gia kwenye mteremko ili lori lijiendee kwa uzito wake, jambo lililokatazwa kabisa kwa sababu breki peke yake hazishiki lori lenye kahawa. Nilimfuata kwa mbali siku mbili nikisikiliza. Injini yake ilinguruma kwenye mteremko kama kawaida. Hapo wivu ukanipa jibu jingine. Niliyeshindwa kuomba chumvi nikapata ulimi, nikaenda ofisini kwa Meneja.

“Rwegasira anachanganya petroli na mafuta ya taa, bwana.”

Meneja alitoka hapo hapo. Fundi Mkuu alifungua tangi, akamimina kidogo kiganjani, akanusa, akaacha ikauke. Mafuta ya taa huacha utelezi. Kiganja kilibaki kikavu. Akampelekea Rwegasira naye anuse, madereva wote wakitazama, kisha akanitazama mimi.

“Wewe umesoma,” Meneja aliniambia, “lakini hujui. Kesho unapanda na yeye. Utingo. Halafu unaandika karatasi, yeye anafanya nini, na mimi nabandika ukutani wote wasome.”

Utingo! Mtu wa kuweka magogo chini ya tairi na kufunga kamba za magunia. Usiku ule sikula.

Asubuhi Rwegasira alinifungulia mlango. “Karibu, Nshomile. Mafuta ya taa, kweli? Mke wangu mwenyewe analala giza, nitayapata wapi ya kulinywesha lori?” Akacheka mpaka usukani ukatikisika. Kisha akatoa kifurushi cha jani la mgomba, ndani yake kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na kuikausha na maganda yake. Kwetu mgeni hupewa kahawa hiyo kabla ya neno lolote, na anayeikataa ametangaza uadui. Nilichukua punje mbili. Zilikuwa chungu, au mdomo wangu ndio ulikuwa mchungu.

Nilimtazama miguu na mikono. Hakufanya lolote nisilolifanya. Plagi zake zilikuwa chafu kuliko zangu!

Wakati wa kurudi, tumejaa magunia, tulianza kupanda kilima kikubwa cha upande wa Muleba. Pale ndipo nilipoanza kushangaa. Mimi kila nilipopanda kilima kile, watu walinipungia mkono njia nzima: bibi mwenye mkungu wa ndizi hapa, mzee mwenye jogoo mbele kidogo, mama wa kwenda hospitali pale kwenye kona. Meneja aliruhusu kuwabeba wachache bila malipo. Nilisimama kwa kila mmoja, nikang’oa lori tena kwa gia ya kwanza, injini ikipiga kelele, petroli ikimwagika kooni mwake. Siku ile kilimani hapakuwa na mtu.

Tulipofika kileleni, mahali ambapo kisiwa cha Bumbire kinaonekana ziwani, nikawakuta wote wamekaa kwenye majani wanapiga soga. Bibi, jogoo, mama. Rwegasira akasimama mara moja. Wakapanda. Akaachia breki, lori likaanza lenyewe kuelekea mteremko, naye akaingiza gia taratibu kama mtu anayemfunika mtoto.

“Kwa nini wanakungoja hapa?” niliuliza.

“Niliwaomba. Kwa wazee wa kila kilima nilipeleka kibuyu cha pombe ya rubisi na kahawa ya kutafuna, nikasema, waitu, lori langu linachoka katikati, nisaidieni, ngojeni juu. Wakinisikia naimba kutoka bondeni, wanatangulia. Wewe kwa nini unasimama katikati?”

“Naona aibu kuwapita.”

“Na kuwaomba?”

“Naona aibu zaidi.”

Akatema maganda ya kahawa dirishani. “Basi aibu yako inakunywa petroli kuliko injini, murumuna wangu.” Murumuna ni mdogo wake mtu.

Niliandika ile karatasi. Niliandika upepo wa matairi, chujio, plagi, kabureta, uzito, mguu mwepesi, kwa mwandiko wangu mzuri wa sekondari. Kilima sikukiandika. Siri ile moja nilitaka iwe yangu, angalau nusu ya msimu iliyobaki.

Karatasi ilipobandikwa, Rwegasira alisimama mbele yake, mikono nyuma. “Nisomee,” akasema. Nikasoma kwa sauti, madereva wamenizunguka. Nilipomaliza akaniuliza polepole, kama anayemkumbusha mtoto sala:

“Umesahau kilima?”

“Nimesahau,” nikasema.

“Basi andika.”

Niliandika, Fundi Mkuu akisoma kila neno juu ya bega langu.

Lori la kijani lilikwenda kwa Rwegasira, kama ilivyostahili, naye akapangiwa njia nyingine. Kabla hajaondoka alipita vilimani, akawaambia watu kwamba anayekuja sasa ni mdogo wake. Nami nikaanza kuwakuta kileleni. Msimu uliofuata kijiti kilinisifu mimi, Fundi Mkuu akanipiga bega. Lakini kila aliyepanda aliuliza kwanza, “Ndiye wewe mdogo wa Rwegasira?” Niliendesha njia ile mpaka nilipostaafu, bendera zimebadilika, na sikupata jina jingine.

Vijana huniuliza namna ya kupunguza petroli. Nawaambia yote ya kitabuni, na ni kweli yote. Kisha nawaambia waongee na watu wa njiani.

Tulimzika Rwegasira mwaka jana, kibanjani kwake, katikati ya migomba yake. Bibi mmoja wa kile kilima alinishika mikono miwili, akaniita baba kwa Kihaya: “Pole, tata, kwa kumpoteza kaka yako.” Nikaipokea pole ile, nikalia sana. Na huku nalia nilikuwa natazama umati uliojaa mpaka nje ya migomba, najiuliza kama wangu utafika nusu.