Jina Nisilolitaja

Mume wangu ndiye aliyechagua neno la siri. Binti yetu alikuwa amekwenda ng'ambo kusomea uuguzi, na barua zake zilichukua wiki nyingi kufika Ihanja. Kwa hiyo mume wangu alipanda basi kwenda Singida mjini, akafunguliwa anwani ya barua pepe, akarudi jioni akicheka peke yake.

"Neno la siri nimeweka jina la mzee," akasema.

"Mzee gani?"

"Baba yangu. Hilo hutalisahau, na hutamwambia mtu hata ukifinywa."

Alisema kweli. Nilivyolelewa, mke hataji jina la baba mkwe wake. Tangu niolewe sijawahi kulitamka. Kijijini wapo wawili wanaoitwa hivyo. Mmoja namwita mwenye baiskeli, mwingine jirani wa kisimani, nao wameshazoea.

Mwaka uliofuata mume wangu alifariki. Yeye ndiye aliyekuwa akienda mjini kusoma barua za binti na kumjibu, nami nilikuwa nasubiri nyumbani kusimuliwa. Baada ya msiba sikwenda. Niliona kama ni mlango wake.

Kisha mwenye duka akaja mbio shambani, mimi nikiwa napura alizeti. Binti alikuwa amepiga kwenye simu yake. Amejifungua salama, mtoto wa kiume, na picha ameituma kwa barua pepe. Nilikaa chini palepale kwenye makapi. Mjukuu wa kwanza, na babu yake hakumngoja. Kesho yake nilivaa kitenge cha kanisani nikapanda basi.

Chumba cha intaneti kilikuwa na kompyuta nne na foleni ndefu. Aliyekihudumia alikuwa dada mmoja mchangamfu, mwenye daftari kubwa la shule mbele yake. Humo ndimo alimoandika maneno ya siri ya wateja wote, kwa kuwa watu walikuwa wanasahau. Nilimsikia akimfungulia mwanamume mmoja: akatazama daftari, akalisoma neno lake kwa sauti kama anaita wagonjwa, akaliandika. Foleni nzima tukalijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mjukuu wangu."

Nikampa karatasi yenye anwani. Akaiandika, kisha akaniuliza neno la siri. Akatafuta kwenye daftari, hakuliona. Mume wangu alikataa kuliandikisha.

"Nitajie basi, mama."

"Sitaji."

"Niandikie kwenye karatasi."

Kuandika sikukatazwa. Lakini nilijua atalisoma kwa sauti, na kulisikia likiitwa mbele ya watu kwa ajili yangu kungekuwa sawa na kulitamka mwenyewe.

"Hapana, mwanangu. Nitaliandika mwenyewe."

"Umewahi kutumia kompyuta?"

"Sijawahi."

Mama mmoja wa kwenye foleni akaguna. "Huyu ana siri za serikali huyu."

"Mwacheni," akajibu mwenzake, "labda ni jina la mchepuko."

Wakacheka, hata mimi nikacheka, maana nilimfikiria baba mkwe na fimbo yake na kofia yake ya vumbi. Dada akaniachia kiti.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na herufi nazijua kwa mpangilio wake. Pale zilikuwa zimetawanyika kama kuku walioona mwewe. Nilizisaka moja moja kwa kidole. Nilipobonyeza ya kwanza, kwenye kioo hakikutokea herufi. Ilitokea nyota. Nikabonyeza ya pili, nyota nyingine.

"Mbona haiandiki?"

"Inaandika, mama. Inaficha tu, mtu asisome."

Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe hata mashine haitaji jina la mkwe! Nilifurahi hata nikasahau kuinua kidole, nyota zikajipanga mpaka mwisho wa mstari, ikabidi nifute nianze upya. Mara ya pili nilikwenda polepole, na yule mama mchokozi akaanza kunisubiri kama anayesubiri goli. Nilipomaliza, dada akabonyeza kitufe, na mlango ukafunguka.

Picha ilishuka taratibu kutoka juu. Kwanza kofia ya sufu, kisha paji la uso, kisha macho. Foleni yote ilikuwa imesimama nyuma yangu. Yalipofika masikio nikapiga kigelegele, maana yalikuwa ya mume wangu kabisa, yaliyochomoza kama vishikio vya chungu. Yule mama akakipokea kigelegele changu kabla hajajua ni cha nini. Nililia pia, sitaficha, lakini kidogo.

Wiki chache baadaye mtu alilisoma lile daftari. Mwalimu mmoja wa sekondari aliulizwa na mchumba wake kwa nini amevunja uchumba kwa barua pepe, naye hakuwa ameandika lolote. Dada alilichoma daftari, akawa anawaambia wateja wawe kama mama wa Ihanja. Nilipokwenda tena nikamwambia ukweli: haikuwa busara yangu, ilikuwa haya tu.

"Basi na wao waone haya," akasema.

Binti alirudi mtoto akiwa ameanza kutembea. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini barua zake zote zilimwita mtoto "mjukuu wako" tu. Alitaka kuniona uso nitakapolisikia jina. Alikuwa amempa jina la babu yake mwenyewe, baba mkwe wangu. Lile.

"Sasa utamwitaje, mama?"

"Baba Mkwe," nikajibu, na huyo Baba Mkwe akanikojolea mapajani.

Lakini wengine hawakuwa na mwiko wangu. Tangu alfajiri, uani kwangu watoto wa jirani walikuwa wanalipaza: njoo, kaa, acha kuku! Siku ya tatu nikasimama na ungo mkononi. Neno letu la siri lilikuwa linasikika mpaka barabarani.

Nikaenda mjini na mjukuu mgongoni. Dada akanionyesha pa kubadili, na safari hii akageuka ukutani bila kuambiwa. Nilisita. Lile neno lilikuwa mzaha wa mwisho wa mume wangu kwangu, na nilikuwa naufuta kwa mkono wangu. Mjukuu akanivuta sikio. Nikaandika la zamani kwa mara ya mwisho, kisha jipya mara mbili kama nilivyoagizwa.

Jipya ni jina nililokuwa namwitia mume wangu tukiwa wawili tu shambani. Nimeshasema mno.