Saa Nne za Angani Kutoka Moscow

Sayrakan binti Orozaly wa Kara-Suu, aliyechuma pamba tangu utotoni mpaka vidole vikakakamaa, aliyemzika mumewe, yaani kaka yangu, akamlea Nurdin wao peke yake bila kumwangukia mtu: huyo ndiye aliyekuwa akiwapokea wafiwa wetu uwanja wa ndege wa Osh.

Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Kijana aliyekwenda Moscow kutafuta kazi huambiwa tu, "Baba kazidiwa, njoo." Ni kilomita karibu elfu tatu, na ndege huwa angani saa nne na ushee. Akitoka mlangoni anamkuta Sayrakan, naye ndiye anayemwambia.

Sikuipenda kazi ile. Siku moja nilifuatana naye. Kijana alitoka na mfuko wa dawa za baba yake, ambaye tulikwisha kumwosha. Aliposikia, akautupa chini.

"Mmeniacha huko juu napanga nimpeleke hospitali gani, kumbe mnachimba kaburi."

Sayrakan akainama, akaziokota zile dawa. "Huko juu ulikuwa na baba, mwanangu. Ungejua, ungelia umefungwa mkanda katikati ya watu baki. Nani angekushika?"

Njiani nikamwambia, "Uongo ni uongo, hata ukiuvika shela."

"Na ukweli wako, wifi, ni kisu butu. Haukati, unachubua."

Mwaka jana, matikiti yakivunwa, ugonjwa wa ini ulimlaza Sayrakan. Asubuhi moja daktari akanivuta kando: jioni haioni. Nurdin alikuwa Moscow, anangoja kuingia ndegeni. Akapiga simu.

"Mama, niambie kweli."

"Kweli ni kwamba nimekunywa supu, na shangazi yako ananichosha kwa maneno. Usininunulie gauni tena. Lile la mwisho lilinifanya pazia."

Nilimsikia mtoto akicheka. Nikanyoosha mkono niichukue simu nimwambie, asije akanilaumu maisha yake yote. Sayrakan akaing'ang'ania kwa nguvu ambazo sikujua anazo bado, mpaka Nurdin akaaga.

Ndege ilipokuwa imepita nusu ya njia, midomo ya Sayrakan ilikuwa imekauka na pumzi inakuja kwa kuvuta. Akafumbua macho.

"Utakwenda wewe kumpokea."

"Mimi? Tafuta mwingine. Nitaangua kilio kabla hajanifikia."

"Utakwenda. Majirani wapo, watakaa na mimi. Kwanza mpokee begi, mikono yake iwe mitupu. Mshike, ndipo useme. Akitaka kujua nimekufa saa ngapi, mwambie saa yenyewe, hapo usimfiche kitu. Akikutukana, nyamaza, ingawa wewe hujui kunyamaza. Haya, vaa viatu, wifi. Asije akatoka pale mlangoni akakosa mtu."