Chumvi ndani ya bukari

Nilimgusa mama yangu paji la uso, nikakuta ni baridi, nikatangaza kwamba mgonjwa wa nyumba ni mimi. Huo ndio ujinga wangu. Nauandika mwenyewe mapema, maana jirani yetu anausimulia kote Kalemie, na yeye huongeza.

Ulikuwa wakati wa Korona. Mimi ni fundi wa cherehani, mtu wa nyumbani kabisa. Sokoni naenda nikitumwa, na ziwa nalitazama kutoka barazani. Namna ugonjwa ule ulivyonifikia miye nisiyetoka, sijui. Nadhani ulikuja ndani ya suruali ya kupunguzwa.

Homa ilinipanda nikatetemeka na kulia "Mama wee" kama mtoto wa kunyonya, na ndevu zangu zote hizi. Mama, ambaye mgongo wake umeshainama kwa umri, alinichemshia majani ya limau nijifukize, akanifunika, akaketi karibu. Akasema amechoka. Nikatoa mkono chini ya blanketi, nikamgusa.

— Mama, weye uko muzima. Ni uzee tu.

Akainuka. Akaenda kunisongea bukari, ugali wetu.

Bukari ilikuja na chumvi. Kwetu chumvi ni ya mboga. Bukari haitiwi chumvi hata siku ya wazimu. Nikacheka, nikajikokota hadi mlangoni kumpasha habari jirani, mama mmoja anayeuza ndakala, dagaa wa ziwani, ambaye hunitania kila asubuhi. Leo ilikuwa zamu yangu.

— Mama jirani! Leo mama ametia chumvi mu bukari! Anataka kuninyima mboga!

Alikuwa anaanika ndakala zake. Hakucheka. Aliziachia kuku, akaingia kwetu moja kwa moja. Tulimkuta mama ameketi jikoni, mwiko mkononi, midomo imepauka, anahema kama aliyetoka kupanda mlima, na anauliza kama baba amekwisha kurudi na treni. Baba tulimzika zamani.

— Weye uliona nini kwa mama yako?

— Hana homa, nikajitetea.

— Na akili? Akili uliigusa?

Akaita pikipiki, akampakia mama katikati, yeye nyuma akimshikilia. Nikauliza, na mimi je?

— Weye uko na homa, basi nguvu unayo. Tembea!

Nilitembea. Nilipofika kwenye kituo cha afya, mama alikuwa tayari na mpira wa oksijeni puani. Munganga, dada mmoja mpole, alinipima na mimi, akanipa barakoa, akanikalisha nje kwenye benchi. Nikamwuliza inakuwaje mimi niungue namna hii, na yeye aliyezidiwa awe baridi.

— Mwizi akiingia kwenye avenyu yenu munafanya nini? akaniuliza.

— Tunapiga masufuria, watu wote watoke.

— Basi homa njo kelele ya masufuria. Kwako walinzi wa mwili ni wengi, wanaamka haraka. Kwa mutu muzee, walinzi wapya ni wachache, na wale wa zamani wanajua sura za wezi wa zamani. Huyu mugeni anapita, wanamutazama tu. Wanapokuja kushtuka, mwizi ameisha kuingia chumbani. Hapo wanakuja wote na fimbo, wanapiga mwizi, wanapiga kabati, wanapiga mulango, na hawajui kurudi kulala. Mapafu ya mama njo ile kabati.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo tumemupa hewa, na dawa ya kuwatuliza wenye fimbo. Mwizi mwenyewe wamemukamata, walichelewa tu. Walinzi wa mama yako ni wazee, lakini hawajakufa.

Neno hilo la mwisho ndilo nililolikalia kwenye benchi, na homa yangu, siku zote zile. Kila nilipotamani kulia nilijiambia: hawajakufa. Halafu asubuhi moja munganga akaniita dirishani. Mama alinitazama vizuri, toka kichwani mpaka viatuni.

— Umekonda. Nani anakupikia?

Munganga akacheka, akasema akili imerudi nyumbani kabla ya mwenyewe.

Chanjo ilipofika Kalemie, nilimpeleka mama awe wa kwanza. Munganga yuleyule alisema ni kuwaonyesha walinzi picha ya mwizi mapema. Wa wazee hujifunza polepole, ila hujifunza. Kesho yake nikamgusa mama paji, nikakuta joto. Kidogo tu, lakini joto! Masufuria yanalia! Nikatoka uani nikicheza, nikamwita jirani: mama ana homa, mama ana homa!

Aliinua macho kutoka kwenye ndakala zake.

— Sijaona mupumbavu anachezea homa ya mama yake. Ingia ndani umusongee bukari, na weye usitie chumvi.