Jina la Muuguzi

Kwa miaka kumi na tisa dada mmoja alipokea simu za wasikilizaji katika redio ndogo iliyokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wenzake walimwita Dada Simu. Kanuni yake ilikuwa moja: hakuna sauti iliyokwenda hewani kabla mwenyewe hajataja jina lake kamili na mahali anapofanya kazi. Hewani mtu aliitwa msikilizaji tu. Jina lilibaki kwenye daftari lake, na kila alfajiri aliyaombea majina ya jana, moja moja. Uongo ulimshinda kabisa. Mtangazaji alipomkwepa mchumba wake, Dada Simu alimjibu binti wa watu, "Yupo hapa, ila anasema hayupo." Ofisi ilicheka wiki nzima.

Jumatatu muuguzi mmoja alipiga simu. Alieleza kwamba mitungi ya oksijeni ya wodi ya watoto wachanga ilipakwa rangi mpya, wakubwa wakaja kupigwa picha nayo, na ndani hamna kitu. Watoto wanne walikuwa wamekwisha kufa. Jumanne waziri akatangaza kwamba muuguzi huyo hayuko duniani, ni wa kutungwa. Jumatano simu hazikulia, hata moja. Dada Simu alikigonga kifaa chake, akidhani kimeharibika.

Saa nne wakaja wanaume wawili, wamenyoa vizuri, wapole kupita kiasi. Mkuu wa kituo akatoka nao ofisini jasho likimtiririka, akasema wageni wanalitaka daftari, nalo ni mali ya kituo, wapewe tu yaishe. Dada Simu aliomba dakika moja amalizie chai.

Alipolileta, mmoja wao alifunua kurasa taratibu, akilowesha kidole, mpaka Jumatatu. Pale palibaki ukingo uliochanika.

"Ukurasa uko wapi, mama?"

"Nimeuloweka kwenye chai. Kikombe hicho hapo."

Akachungulia. Chai ilikuwa nyeusi kwa wino, karatasi imevurugika kama uji. Akatabasamu.

"Hapo umetuweza. Na jina lenyewe, bado unalikumbuka?"

Nyuma yao mkuu wa kituo alitikisa kichwa kidogo sana: sema hapana. Dada Simu alimwona. Neno moja tu, naye angelala kwake. Alimwomba Mungu amsamehe hilo neno moja, lakini halikutoka.

"Nalikumbuka," alisema. "Ila sitawaambia."

"Hatuna haraka, mama," alisema yule mpole, akamshikia mlango.

Sasa ni wiki ya kumi tangu atoke na wale wawili. Hospitalini mitungi imejazwa, wala hakuna muuguzi aliyeitwa au kuhamishwa. Ndugu za Dada Simu huulizia huko kila Ijumaa, na wakisikia hivyo humshukuru Mungu, maana dada yao hajasema. Kisha mama yao huinuka mezani, chakula hakijaguswa, kwa kuwa anajua na lile jingine ambalo hakuna anayelitamka: kwamba binti yake bado anaulizwa.