Mahali Upanga Ulipoungwa

Kwa miaka tisa hakuna aliyeruhusiwa kushika panga za kale za jumba la makumbusho isipokuwa Wilbert wa Keko. Kwenye karatasi aliandikwa mfagiaji. Lakini Bwana Mkubwa, Mwingereza aliyesimamia jumba lile, akiletewa upanga alimwita yeye kwanza. Wilbert, mtoto wa mhunzi wa Bukoba, aliugonga kwa ukucha, akausikiliza, akaugeuzageuza dirishani, kisha akasema chuma ni kizuri au kibovu. Hakuacha hata mkwaruzo.

Mwaka 1952 uliletwa upanga mrefu kutoka Kilwa. Wilbert akaugonga. "Huu ni kipande kimoja, Bwana."

Bwana Mkubwa akasitasita. "Safari hii tutaupeleka hospitali."

Huko alikuwako Audax, kijana wa kijiji kimoja na Wilbert, fundi wa eksirei. Baada ya siku mbili akaja na picha, suruali yake imenyooshwa pasi kama ya karani. Karibu na mpini palikuwa na mstari mweusi. Upanga uliwahi kuvunjika ukaungwa.

Bwana Mkubwa akampa Audax mkono. Miaka yote tisa Wilbert hakuwahi kupewa mkono ule. Alitamani picha ile ishike moto pale pale.

Audax akamgeukia. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Picha inaonyesha mahali tu, haisemi waliungaje. Mzee wako alikuwa akifanyaje?"

Wilbert alijua vizuri. Mara ngapi alimwona baba yake akinyunyiza mchanga laini juu ya chuma kilichoiva, akapiga nyundo upesi upesi, vipande viwili vikawa kimoja!

"Sijui," akasema. "Kwani mashine yako haijui?"

Audax akainamisha macho. Kwenye ripoti ikaandikwa kwamba namna ya kuunga haikujulikana.

Jioni Wilbert alimsimulia mkewe, Jovina, akitegemea kuungwa mkono. Jovina aliendelea kukuna nazi.

"Sasa hapo umemnyima Audax," akauliza, "au umemnyima baba yako?"

Wilbert akasusa chakula. Ilipita wiki mbili ndipo akajikaza kwenda hospitali. Akaambiwa Audax amehamishiwa Tanga tangu Jumatatu.

Njia nzima hadi Keko alimsema kijana yule moyoni, eti ameondoka bila hata kuaga.