Mama Alikuwa Anamfuata Nani Enniskillen

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja nilimwona mama yangu katika mji ambao hana ndugu, hana rafiki, hana hata daktari.

Nilikuwa juu ya ngazi kule Enniskillen, napuliza pamba ya kuzuia baridi kwenye ukuta wa mteja. Basi la kutoka kwetu Omagh likasimama ng'ambo ya barabara, kituo cha mwisho. Kwenye dirisha la nyuma, na kofia yake ya sufu ya kijani, alikuwa Mama. Philomena, mjane, miaka sabini na nne.

Hakushuka. Basi likageuza, likaondoka naye.

Jioni nikampigia. "Mama, leo ulishinda wapi?"

"Nyumbani, mwanangu. Na mvua hii niende wapi?"

Nikakata simu, nikamgeukia mke wangu, Orlaith. "Mama kanidanganya."

Orlaith alicheka mpaka akashika meza. "Malachy, mama yako ana mzee."

Mimi sikucheka. Baba alikuwa hajamaliza miaka miwili kaburini.

Ngoja kwanza niwaambie kazi yangu, ili mjue ujinga wangu una ukubwa gani.

Mimi ni fundi wa kuziba nyumba zisipoteze joto. Dari, kuta, nyufa za milango. Huku jimboni Tyrone nyumba nyingi zinapashwa joto kwa mafuta, tangi liko uani, na baridi ikiingia tangi hilo linakula kuliko familia nzima. Nimeziba nyumba zaidi ya mia tatu. Wimbo wangu kwa wateja ni ule ule: "Nyumba isiyozibwa ni ndoo iliyotoboka. Ziba leo, miaka michache pesa yako imerudi, miaka thelathini inayofuata unakula faida."

Na nina kipimo changu. Nikiingia ndani nikakuta madirisha yanatiririka jasho, najua moto umewashwa ghafla kwenye nyumba iliyolala baridi. Sihitaji mashine.

Nyumba ya Mama je? Ya mawe, ya zamani, haijazibwa hata tundu moja.

Lakini kila Jumapili baada ya misa tulikula kwake, mimi, Orlaith na binti yetu Fiadh, na kulikuwa na joto mpaka navua sweta. Mama anatoa kuku wa kuoka na viazi vya kuponda. Fiadh anachora maua kwa kidole kwenye jasho la dirisha.

Umesoma vizuri hapo. Jasho la dirisha. Mimi nililiona kila wiki na sikuliona.

Mara moja tu Mama aliniuliza, tena anacheka. "Fundi, na mimi utanifikia lini?"

"Wewe humu unatuoka, Mama. Kuna wenye shida kweli. Foleni ni ndefu."

"Haya," akasema, akaniongezea viazi.

Joto hilo halikuwako siku zote. Baada ya Baba kufa, Fiadh akiwa na miaka miwili, nilisimama mlangoni kwake na mtoto mkononi nikasema, "Humu mtoto ataugua, Mama. Tutakuja siku kukiwa na joto." Nikageuza gari. Jumapili iliyofuata kulikuwa na joto, na tangu hapo halikukosekana.

Basi, nikaanza upelelezi. Wiki mbili nikamwona mara tatu, basi lile lile, kiti kile kile. Mapema Desemba nikasema leo ni leo. Nikaacha gari langu la kazi pale kituo cha mwisho, basi lilipofika nikapanda, nikaketi ubavuni kwake.

"Anaitwa nani?"

Mama akashtuka. "Nani?"

"Mzee wako. Usinizungushe."

Akageukia dirishani, akaangalia nje, kisha akasema polepole, "Cormac."

"Cormac nani?"

"Cormac tu. Ni mtu mwema."

"Udongo wa Baba haujakauka, wewe unapanda mabasi kumfuata Cormac?"

Basi zima lilisikia. Dereva akanitazama kwenye kioo.

"Punguza sauti, mwanangu. Njoo Jumapili tuongee."

"Sikanyagi tena kwako. Kuku mpikie Cormac."

Nikashuka. Sikugeuka nyuma, maana nilijiona mwanamume mwenye msimamo.

Kila Jumamosi ujumbe wake uliingia kwenye simu: "Kesho kuku yupo." Sikujibu. Krismasi tukala kwa wazazi wa Orlaith. Fiadh aliuliza bibi yuko wapi, nikamwambia bibi ana wageni.

Jumapili sita zikapita hivyo.

Katikati ya Januari, siku ya Alhamisi, hospitali wakanipigia. Nimonia. Nilimkuta mdogo kitandani, midomo ya bluu, mikono imefungwa kwenye mablanketi. Akafumbua macho.

"Leo Jumapili?"

"Hapana, Mama. Alhamisi."

"Basi bado nina muda," akasema, na uso wake ukatulia.

Nilidhani homa inasema. Nikamwambia nisamehe, nikamwambia hata Cormac nimemkubali, aje tu. Akatabasamu kidogo. Jumamosi alfajiri akafariki.

Kwetu maiti inalala nyumbani kabla ya mazishi, na majirani wanakuja kukaa na wafiwa, wanakunywa chai, wanakula mikate. Nyumba ya Mama siku ile ilikuwa na baridi ya kaburi. Watu walikaa jikoni na makoti. Nikatoka kwenda kuwasha joto, nikakuta tangi kavu, na utando wa buibui kwenye mfuniko. Nikaenda stoo kutafuta viti vya ziada.

Stoo nikakuta madumu sita ya lita ishirini, yamejaa mafuta, vizibo havijafunguliwa.

Huku kwetu asiyeweza kujaza tangi hununua dumu moja moja kwenye kituo cha mafuta, ghali kuliko la jumla, kama vile maskini popote anavyonunua kwa kupima. Hilo nililijua. Nisichoelewa ni mtu kuwa na madumu sita stoo na bado kuuawa na baridi.

Hata kumimina sikukumbuka, nikarudi ndani na viti vyangu. Kichwani nilikuwa na jambo moja: kumngoja Cormac. Nilitaka nimwone, nimwulize alikuwa wapi mama yangu anaganda.

Saa kumi akaingia mwanamume wa makamo, analia, kofia ameikunja mkononi. Akasimama kwenye jeneza akamgusa Mama paji la uso. Nikamfuata.

"Wewe ndiye Cormac?"

"Mimi Ambrose, ndugu yangu. Dereva wa basi." Akanitambua. "Wewe ndiye kijana wa siku ile."

"Huyo Cormac unamfahamu? Si ulikuwa unamshusha Mama kwake?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukania marehemu. "Hakuwahi kushuka. Cormac ni bucha. Pale tunapogeuza basi, kibao chake kinatazamana na kiti cha mama."

Nikakaa kwenye kiti kimojawapo nilichotoa stoo.

"Alikuwa anapanda saa tatu asubuhi," Ambrose akaendelea, "na kadi yake ya bure ya wazee. Kiti cha nyuma, pale juu ya hita. Enniskillen na kurudi, mara mbili, mara tatu, mpaka jioni. Siku ya kwanza nilimuuliza, mama, tukupeleke wapi? Akasema, popote, baba, mradi pana joto."

"Na mafuta ya stoo?"

"Hayo ni ya Jumapili." Sasa alikuwa ananong'ona. "Kila Ijumaa nilimsimamishia basi kituo cha mafuta, nikampakilia dumu, nikamfikishia mpaka mlangoni. Alilimimina Jumapili asubuhi wakati nyinyi mko misa, basi, kesho yake anarudi kwangu. Ulipoacha kuja, hakumimina tena. Nikamwambia, mama, washa, hii baridi si ya mchezo. Akasema, 'Nikiwasha leo, mwanangu atakuja akute baridi, na hapo hatarudi tena.' Nikamuuliza, mbona bado unanunua? Akasema wewe ukirudi safari hii utakaa wiki nzima."

Alipokosekana kituoni siku mbili, ni Ambrose aliyesimamisha basi na abiria wake ndani, akaenda kugonga mlango.

Mimi mwanawe wa kumzaa sikugonga.

Nimelifikiria sana lile jina alilosoma dirishani. Aliona ni nafuu nimdhanie ana mwanamume kuliko nijue ana baridi. Nami nikampa adhabu iliyomuua.

Baada ya mazishi nilipeleka mashine yangu ya kupulizia pamba nyumbani kwa Mama. Dari, kuta, milango. Unajua ilinichukua muda gani? Siku mbili. Miaka yote ile nilimnyima mama yangu siku mbili.

Jumapili nikamimina dumu moja la Mama kwenye tangi, nikawasha, nikakaa jikoni peke yangu. Dumu ambalo kwake lilikwisha Jumapili moja, safari hii lilifika Jumatano, na madirisha yalikuwa makavu kabisa. Nililia nikitafuta maua ya Fiadh kwenye kioo, hayakuwepo.

Madumu matano bado yako stoo. Siwezi kuyagusa wala kuyauza.

Sina mengi ya kukufundisha. Mzazi anajua siku yako ya kwenda kumwona, na siku hiyo atakuonyesha anachotaka uone. Ukikuta kwake joto Jumapili, rudi Jumanne, na usipige simu kwanza.